Naomba msaada: namba 4294967297 na vigawo vyake

Habari wakuu. Naomba mnisaidie kwenye namba 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa ni 641 × 6700417.

Sehemu ya 641 naielewa vizuri, na kwa kweli inapendeza: 641 ni 5 × 128 + 1, tena ni 625 + 16. Kutoka hapo unaonyesha kuwa 641 ni kigawo cha namba hiyo bila kugawanya.

Kinachonisumbua ni 6700417. Nataka kuthibitisha kwa mkono kuwa ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, lakini kujaribu namba tasa zote hadi hapo ni adhabu. Nimesoma kwamba kila kigawo tasa cha namba ile kubwa, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Hapo zinabaki chache tu: 193, 257, 449, 577, na kuendelea hadi 2113.

Je, kwa nini baki lazima liwe 1? Naomba maelezo yasiyohitaji hisabati ya chuo kikuu. Na kama kuna njia ya kupunguza orodha hiyo zaidi, nielekezeni.