Naomba ushauri: samaki wangu ananitambua, au anafuata chakula tu?

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, habari zenu. Ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika aina ya Neolamprologus pulcher, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hutambuana kwa alama za usoni. Jike mmoja hunijia kiooni na kunifuata ninapotembea, lakini mgeni akikaribia hujibanza nyuma ya jiwe, ilhali dume, ambaye hushambulia kila mkono unaoingia majini, hajali ni wa nani. Nimejaribu kusimama pale bila chakula, kisha nikabadilisha nguo. Jike bado alikuja. Je, nifanye jaribio gani litakalotofautisha utambuzi wa sura na mazoea ya kulishwa? Na je, nikimhamishia tangi jingine, tabia hiyo itavurugika?