Nimelipia chumba cha "Spitfire", ukutani wamenibandikia Hurricane!

Wakuu, salaam. Nauandika uzi huu hasira haijanitoka, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu.

Wiki iliyopita nilitimiza miaka 50. Mke wangu amenivumilia miaka 22 nikisimama katikati ya njia kila ndege inapopita juu, na safari hii akaamua kunizawadia: usiku mmoja kwenye hoteli fulani huko Lincolnshire, Uingereza (jina naliacha, sitaki kesi), chumba kinachoitwa "Spitfire", jina la ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka Leicester tunakoishi unaikamata A46, saa moja na kitu umefika. Chumba cha kawaida kina bei yake, hiki kina nyongeza ya pauni 45 kwa ajili ya hiyo ndege. Pauni 45, mzikumbuke.

Tunafungua mlango, juu ya kitanda kuna picha imejaa ukuta mzima: ndege imeegeshwa kwenye majani, rubani kaegemea bawa na sigara mdomoni. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, SPITFIRE. Mke wangu ananiangalia usoni, anasubiri nifurahi. Mimi nimeganda.

Ile si Spitfire. Ile ni Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ya enzi hizohizo.

Kuna mtu ameshaanza kuandika "mkuu, ndege ni ndege". Subiri kwanza. Kabla ya kuja huku nimekuwa fundi wa ndege Dar miaka 11, mikono yangu inajua ninachosema. Hurricane ina kibiongo nyuma ya rubani, na rejeta yake inaning'inia katikati ya tumbo. Spitfire rejeta iko chini ya bawa. Magurudumu ya Hurricane yanakunjwa kuingia ndani, ndiyo maana ikisimama chini imetanua miguu. Ya Spitfire yanakunjwa kwenda nje, ikisimama imebana miguu kama mtu anayetafuta choo. Na ubavu wa nyuma wa Hurricane ni turubai iliyovutwa juu ya fito, unaona mistari kabisa. Kwenye picha ile mistari ilionekana! Nilipanda kitandani na viatu, nikaihesabu kwa kidole.

"Baba Neema, usianze." Ndivyo alivyosema mama watoto. Nikaanza.

Mapokezi nikamkuta binti mpole, maskini hana kosa, akamwita meneja. Nikamweleza taratibu, kwa adabu zote, kwamba hapo juu ameuza jina la ndege moja na kutundika nyingine. Akacheka. Akasema hayo ni mapambo tu, na kwamba wageni wengi hawajui tofauti. Wakuu, hapo ndipo nilipochoka. Kukosea ningekusamehe. Lakini unaponiambia mteja hajui, maana yake wewe unajua na umeamua kuendelea kuchukua hela yake.

Halafu kuna kadi kitandani, juu ya taulo lililokunjwa, imeandikwa kwamba Spitfire peke yake ndiyo iliyoiokoa Uingereza mwaka 1940. Peke yake! Kwenye mapigano yale ya angani kati ya Uingereza na Ujerumani, Julai hadi Oktoba 1940, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Siidharau Spitfire, Mungu anisamehe. Iliruka mara ya kwanza Machi 1936, na R. J. Mitchell aliyeisanifu akafariki mwaka uliofuata bila kuiona vitani. Bawa lake lile la duaradufu ni zuri mpaka unasahau lilichoundiwa. Ila tangu zamani Hurricane ilibeba mzigo na Spitfire ikapigwa picha. Hawa wa hotelini wamevuka mpaka: sasa hata picha ni ya Hurricane, na jina bado kapewa mwenzake.

Na tuache picha. Hivi nani alikaa kwenye kiti akaamua kwamba chumba cha Lincolnshire kiwe cha Spitfire? Mkoa ule ni wa Lancaster, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, wenyewe wanauita kaunti ya ndege za mabomu. Injini nne za Merlin, watu saba ndani, wanaondoka jua likizama na kitanda hakijulikani kama kitalaliwa tena. Kikosi namba 617 kilitokea Scampton, humohumo Lincolnshire, usiku wa Mei 16, 1943 kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani: Lancaster 19 zilitoka, 8 hazikurudi, watu 53 wakafa. Katika vita nzima, waliokufa kwenye jeshi la Uingereza la ndege za mabomu ni zaidi ya 55,000. Karibu na mji wa Lincoln wamewajengea mnara ambao urefu wake ni sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, kutoka ncha hadi ncha. Mteja akitoka kutazama mnara ule, arudi alale chini ya kitu gani? Spitfire ambayo ni Hurricane.

Nadhani sababu naijua. Lancaster ndiyo iliyoichoma Hamburg 1943 na Dresden 1945, na watoto walikuwemo. Ukiiweka juu ya kitanda cha wapenzi wanaosherehekea ndoa, kuna mgeni atauliza maswali wakati wa chai. Spitfire ililinda nyumbani, haina maswali, inauza mito na vikombe. Sawa, biashara ni biashara. Lakini basi useme umechagua kinachouzika, usiniandikie kwenye kadi kwamba unaenzi mashujaa.

Mimi ningeulizwa, ningeweka Dakota, ndege ya mizigo ya vita ileile. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akapelekwa Burma, akatembea lile bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na tope la mapajani. Barabara hakuna, chakula kinatoka mbinguni. Spitfire hakuwahi kuitaja hata siku moja. Alikuwa akitaja Dakota, na alikuwa akituonya sisi wajukuu, akiwa kwenye kiti chake cha kamba, kwamba ukisikia mlio wake usikimbilie chini yake, maana magunia mengine yalirushwa bila mwavuli na gunia halichagui adui. Ile ndege haina hata bunduki. Nani atalipa nyongeza ya pauni 45 kulala na gari la mizigo? Mimi. Ningelipa.

Bado sijamaliza. Saa nane usiku naamka kwenda haja, giza totoro, napapasa ukutani kutafuta taa. Kumbe karibu na kitanda wameweka kitufe chekundu cha "burudani". Nikakibonyeza. Kikapiga king'ora cha mashambulizi ya anga, king'ora kamili, sekunde nyingi nzima, na hakuna kitufe cha kukizima! Jirani akagonga ukuta. Mtoto akaanza kulia chumba cha pili. Mke wangu akajifunika shuka usoni, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Asubuhi nikadai ile nyongeza irudishwe. Meneja akanipa vocha ya punguzo nikija tena. Chumba kilekile.

NYONGEZA: Naona wadau wawili wameandika kwamba nimezeeka na nitafute kazi ya kufanya. Asanteni. Mwingine ameuliza kwa nini nisingenyamaza nisimharibie mama watoto zawadi. Huyo kanigusa, na nimeshamwomba radhi mwenyewe. Yeye ndiye aliyelipa, na yeye ndiye aliyeniambia jana jioni, bila kuulizwa, kwamba amerudi kwenye tovuti yao kutazama na picha ya chumba waliyoitangaza ni Spitfire halisi, siyo ile iliyokuwa ukutani.

Sasa naomba msaada wa kweli. Tulilipa kwa kadi ya benki. Aliyewahi kudai hela yake kupitia benki hapa Uingereza, kwa sababu alichouziwa sicho kilichotangazwa, anieleze alianzia wapi na alipeleka ushahidi gani. Picha za ukuta ninazo 14, pamoja na moja ya karibu inayoonyesha mistari ya turubai na kidole changu.