Tupeane uzoefu: pembetatu mraba na mfanano, wewe ilikunasa wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, jana kaniletea lile swali: pembetatu mraba, pande zinazokutana kwenye pembe mraba ni sm 6 na sm 8. Kutoka kwenye kona hiyo umeshushwa mstari mpaka ukutane wima na upande mrefu. Tafuta urefu wa mstari huo, yaani kimo (tukiite h). Nikacheka peke yangu, maana swali hilohilo lilinitoa jasho enzi zangu.

Upande mrefu ni 10 kwa kanuni ya Pythagoras (6 × 6 + 8 × 8 = 10 × 10), hapo hakuna ubishi. Kimo kinaikata pembetatu kubwa kuwa ndogo mbili, na zote tatu zinafanana, yaani pembe zao ni sawa na pande zao zina uwiano mmoja. Mimi nikaiangalia ile ndogo yenye upande wa 6, nikaandika h/6 = 6/10, nikapata 3.6. Nikakosa. Kilichoniuma ni kwamba 3.6 kweli imo kwenye mchoro ule! Ni kipande cha upande mrefu, sio kimo. Nilikuwa nimeoanisha pande kwa macho tu.

Siku hizi nazichora zote tatu pembeni, nazigeuza zikae mkao mmoja, pembe mraba chini kushoto. Hapo unaona kimo kinatazamana na pembe ileile ambayo kwenye kubwa inatazamana na 8. Kwa hiyo h/8 = 6/10, jibu 4.8. Ukitaka kuhakiki tumia eneo: 6 × 8 ni sawa na 10 × 4.8.

Haya, na nyie?

Fundi Kenchi
Mimi darasa niliishia la saba, haya ya h siyajui. Ila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ina nusu upana mita 4, kimo mita 2, na vijiti vya kusimama kila baada ya mita 1. Zamani nilikuwa napandisha mbao juu, napima, nashusha, nakata. Jua lote kichwani. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi akanichorea ukutani kwa mkaa: kila ukitoka mita 1 kwenye ukuta, paa limepanda nusu mita. Basi sm 50, 100, 150, nikakata vyote chini. Nikasahau kutoa unene wa mbao, vikazidi vyote 😂 Lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Mama Pacha
Wanangu walitumwa wapime urefu wa mnazi. Tukasimamisha mti wa dekio, mita 1.2. Kivuli chake kikawa mita 0.9. Nikaingia jikoni kwanza kuinjika maharage, tukarudi saa tano na nusu kupima kivuli cha mnazi: mita 3. Mnazi mita 4! Na mkwezi wetu huwa anatweta kabla hajafika katikati. Kumbe jua lilishapanda, vivuli vimefupika, zile pembetatu hazifanani tena. Kesho yake tukapima vyote kwa pamoja: 0.9 kwa 9, mnazi mita 12.

Mwl wa Zamu
Mleta mada, mwambie mdogo wako kimo kikizidishwa kwa chenyewe ni sawa na vipande viwili vya upande mrefu vikizidishwa. Kwako ni 3.6 × 6.4 = 23.04, yaani 4.8 × 4.8. Lakini aanze na mchoro. Wanangu wengi wanakariri hiyo, halafu wanazidisha kipande kimoja na upande mrefu wote wakidhani wamepata kimo.

Kidato Cha Nne
Mwalimu, vipande vikiwa 4 na 9, kimo ni 6, hiyo nimeelewa. Je, zile pande mbili zingine?

Mleta mada
Sasa hapo ndipo lile kosa la wanafunzi wa Mwalimu linapokuwa jibu. Upande mrefu wote ni 13. Kila upande uzidishe kwa wenyewe, utapata kipande kinachogusana nao mara 13. Mmoja 52, wa pili 117. Jumlisha uone unapata nini.

Kidato Cha Nne
169. Ni 13 mara 13!! Kumbe Pythagoras anatokea humuhumu?