MREJESHO: Mdogo wangu na unga, tulipofikia

Wakuu, habari za siku. Miezi minne iliyopita niliomba ushauri hapa: mdogo wangu anavuta unga (heroini), ameuza mpaka jiko la gesi la mama, na ukoo unataka afungiwe ndani mpaka arosto (maumivu ya kukosa unga) iishe.

Asanteni mliosema tusimfungie. Tulifuata ushauri wa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto badala ya unga. Wanaharakati wanaozunguka maskani (vijiwe vya wavutaji) ndio walimfikisha kliniki, hospitali ya serikali hapa Dar. Dawa ni bure. Unaenda kila siku, unakunywa mbele ya muuguzi, unaondoka. Wiki mbili za kwanza alikuwa bado na arosto, maana dozi huanza chini na kupandishwa taratibu. Msikate tamaa hapo.

Kilichotushinda ni nauli. Kutoka Mbagala kila asubuhi, kwenda na kurudi, ukipiga hesabu ya mwezi ni kodi ya chumba. Mwezi wa pili alikosa siku nne mfululizo, akarudia unga. Nilidhani watamfukuza. Walimpokea, ila dozi wakaanza kuipandisha upya.

Aliyenishauri nimpe vidonge vya usingizi alale, samahani ndugu yangu, daktari alikataa kabisa: vikichanganyika na methadoni pumzi inaweza kukata.

Soba hausi (nyumba za kukaa mtu anayeacha unga) hatukujaribu, ada ilitushinda.

Sasa ana wiki ya saba hajagusa. Anabeba mizigo sokoni baada ya dozi. Mama bado anafungia simu yake kabatini, na simlaumu.