Ripoti yangu ya kurasa tatu imegeuzwa kabari ya relei

Mbukwenyi wakuu. Ninaandika nikiwa bado nimesimama nje ya kituo chetu cha kupozea umeme, vumbi la Dodoma limenijaa kooni, kwa sababu nikingoja hasira ipoe nitaandika kwa adabu, na mtu huyu leo hastahili adabu. Sitamtaja. Kila aliyewahi kushika bisibisi kati ya Kongwa na Manyoni anamfahamu yule bwana wa kofia nyeupe isiyo na doa, anayeingia chumba cha relei, vile vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe mkondo ukizidi, kana kwamba anaingia kwenye harusi ya mpwawe.

Kwa kuwa zililalamikiwa kwamba zinakata umeme bila sababu, kwa wiki mbili nilizipima relei zetu za laini ya kilovoti 11, zile kongwe zenye sahani ya alumini inayozunguka mkondo ukizidi, hadi kontakti zigusane na breka ifunguke, yaani ikate umeme. Nilizipitishia mkondo kwa mashine ya kupimia, nikahesabu sekunde, nikaandika ripoti ya kurasa tatu kueleza kwamba hazina kosa lolote. Transfoma za kupimia mkondo ni za 400 kwa 5, yaani ampea 400 za laini zinafika kwenye relei zikiwa 5, na plagi, pini ya kuchagulia kiwango cha kuanzia, imewekwa kwenye asilimia 50, maana yake relei zinaanza kuhesabu zikivuka ampea 200, na mashine ya pili ya kusaga kokoto ikiwashwa mzigo unafika 280. Kwa mzigo huo, kizidishi cha muda, kile kinachopanga relei isubiri kiasi gani, kikiwa 0.1, sahani inamaliza safari yake kwa sekunde mbili hivi. Inafanya ilichoagizwa. Nikashauri plagi ihamishiwe asilimia 75, yaani ampea 300, baada ya kuhakikisha kwamba kebo inahimili na kwamba relei ya kilovoti 33 iliyo nyuma bado inasubiri walau sekunde 0.4 kabla ya kuingilia.

Leo asubuhi nikakuta mashine zote mbili zinanguruma na hakuna kilichokata. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani ushauri umefuatwa. Kisha nikasogelea paneli. Chini ya sahani ya fezi nyekundu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imebanwa ili sahani isizunguke. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu. Fezi ya njano ilikuwa na ukurasa wa pili. Fezi ya buluu ilikuwa na ukurasa wa tatu, saini yangu ikichungulia pembeni mwa sumaku.

Nilipomuuliza bwana wa kofia nyeupe, alinitazama mbele ya vibarua na mama anayetuletea chai, akasema, "Angalau leo ripoti yako imefanya kazi."

Imefanya kazi! Kibarua mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mama wa chai alicheka. Naapa hata transfoma ilibadilisha mlio. Ikipiga shoti kwenye kebo ile sasa hivi, hakuna wa kuikata hapo karibu. Kebo itapikwa hadi relei ya nyuma iamke na kuzima eneo zima, lakini hayo nitayaeleza siku nyingine. Leo ninazungumzia saini yangu, wakuu. Imekunjwa mara nne.

KabariYaMninga: Pole sana, mleta mada, ila nina swali la kitaalamu: kwa nini uliishia kurasa tatu? Ungeandika nne, hata relei ya hitilafu ya ardhi, ile ya umeme unaovujia ardhini, ingepata yake.

Fundi wa Barabara ya Bahi: Huyo bwana ninamjua. Kwetu aliamuru waya wa kukatia breka ufunguliwe "kwa muda" kwa sababu relei inasumbua. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana, na huo muda haujaisha.

Dada Kilovoti: Kaka, na wewe una lako. Nani bado anategemea relei za sahani katika mji wenye vumbi kama huu? Za kidijitali hazina pa kubana karatasi. Ijapokuwa, kwa kuwa tumefika huko, nami niseme langu: wetu wa manunuzi alileta relei mpya za ingizo la ampea 1, na transfoma zetu zinatoa 5. Nilipogoma kuziunganisha akaniambia nianze nazo hivyo hivyo, "zitazoea". Ati zitazoea, kama mtoto wa bweni!

KabariYaMninga: Zitazoea! Dada umeshinda, mwenye uzi akae pembeni.

BetriKavu: Nyote mnalilia relei wakati relei bila betri ni pambo la ukutani. Sisi tuna seli 55 za kutupa volti 110 za kukatia breka, na mlinzi wetu, kwa nia njema kabisa, amekuwa akiziongezea maji ya kisima, haya haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Niligundua nilipobonyeza kitufe cha kujaribu na breka ikabaki imefunga, imetulia, kama haikunisikia.

Dada Kilovoti: Ulipima seli moja moja, au jumla tu pale kwenye chaja? Jumla hudanganya, maana chaja ndiyo inayokujibu.

BetriKavu: Nilizima chaja kwanza, dada. Seli kumi na moja zilikuwa chini ya volti 1.8.

Mleta mada: Samahani wakuu, naomba turudi kwenye karatasi. Nimeingia tena mchana huu na zipo pale pale, na ameongeza gundi.

Fundi wa Barabara ya Bahi: BetriKavu, hizo kumi na moja usizitoe peke yake ukachanganya mpya na kuukuu. Mlinzi uliwahi kumpa maji ya betri yenyewe, au alikuwa anaambiwa tu "ongeza maji"?

BetriKavu: Aliambiwa tu "ongeza maji", mkuu. Na aliyemwambia ana kofia nyeupe.