Mjadala: Planki zinaongeza nguvu za mabega au tunajichosha bure?

Wakuu, tubishane kwa hoja. Gym ninayokwenda, kocha kaweka sharti: hugusi chuma mpaka umalize dakika 20 za planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Eti tumbo likilegea, mikono haina nguvu.

Nusu ya maneno yake nayakubali. Nikikaa kwenye kiti chenye egemeo nasukuma kilo 60 juu ya kichwa mara tano. Nikisimama, kilo 50 zinaniaibisha: mbavu zinachomoza, kiuno kinapinda kama upinde, chuma kinakwama usawa wa paji la uso. Mabega ni yaleyale, ila nguzo ya tumbo na kiuno haipo. Na kujipinda huko ndiko kulikoiua presi, yaani kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama, kwenye Olimpiki. Baada ya Munich 1972 iliondolewa, kwa sababu waamuzi walishindwa kuamua nani kasukuma na nani kalala nyuma.

Nusu nyingine naikataa. Nguzo hiyo hujengwa chini ya mzigo. Unavuta pumzi mpaka tumboni, unaifungia, unakaza kama unasubiri ngumi, ndipo uti wa mgongo unashikika. Planki ya dakika tatu inakufundisha kuvumilia planki.

*Jibu:* Mkuu, hujawahi kuumwa kiuno wewe. Watafiti Hodges na Richardson, Australia, 1996, walipima: kwa mtu mzima wa afya, msuli wa ndani kabisa wa tumbo unakaza kabla mkono haujainuka. Kwa mwenye maumivu ya kiuno unachelewa. Halafu umpe huyo chuma?

*Jibu:* Utafiti huo naujua, dada. Walikuwa wanarusha mkono mtupu, tena kwa haraka. Na msuli kuchelewa siyo msuli kuwa dhaifu, kwa hiyo planki haijajibu swali hapo. Mgonjwa aanze taratibu, sina ubishi. Sisi wazima je?

*Jibu:* Mimi napiga benchi tu. Nimelala, tumbo la nini?

*Jibu:* Inua miguu hewani halafu usukume uzito wako wa kawaida, utuletee majibu.

*Jibu:* Sasa mleta mada, unapendekeza nini?

*Jibu:* Vyuma kwanza, ukiwa na nguvu. Mwishoni dakika tano: ndoo ya lita 20 mkono mmoja, tembea bila kuinamia upande.

*Jibu:* Ndoo? Basi sisi tuliochota maji tangu utoto tungekuwa mabingwa.

*Jibu:* Mlibeba kichwani.