Kufundisha chekechea China: siku nzima inakwendaje?

Mto_Kagera anauliza:
Habari zenu wakuu. Nina ofa ya kufundisha Kiingereza chekechea ya binafsi, Chengdu. Pasipoti ni ya Kanada, digrii ya biashara, cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza) cha saa 120. Mkataba unasema saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, vipindi 5 kwa siku. Naomba kujua: siku inakwendaje hasa, watoto wasiojua neno la Kiingereza unawashikaje, na pesa ya kuanzia maisha iwe ya nini na nini?

Zulia_la_Duara:
Kwanza waulize kama utakaa darasa moja au utazunguka. Anayezunguka anaingia, anaimba, anatoka. Anayekaa darasa moja yumo katika kila kitu: mlango wa asubuhi, choo, chakula, uwanja. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ofa nyingi hazifafanui.

Madarasa ni matatu: xiaoban (miaka 3–4), zhongban (4–5) na daban (5–6). Kanuni za serikali zinaweka watoto 25, 30 na 35, ingawa shule za binafsi mara nyingi huwa na wachache zaidi. Kwa kawaida utakuta mwalimu wa Kichina na mlezi ambaye watoto humwita ayi.

Asubuhi kuna ukaguzi wa afya getini: joto la mwili, viganja, mdomo. Wanatafuta hasa vipele vya ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Mtoto mwenye vipele anarudishwa nyumbani, na wagonjwa wakiongezeka darasa zima linaweza kufungwa kwa siku kadhaa. Baadaye mazoezi ya viungo, maji ya uvuguvugu (kila mtoto na kikombe chake), vipindi, uwanja, chakula. Usingizi ni kuanzia kama saa 6 mchana hadi saa 8 au na nusu. Huo ndio muda wako wa kuandaa zana, kwa hiyo hakikisha mkataba haujaujaza vikao.

Uwanjani utaona ayi akiwapachika watoto kitambaa mgongoni, ndani ya fulana, ncha ikining'inia shingoni. Ni cha kunyonya jasho. Wakirudi ndani kinachomolewa, fulana inabaki kavu. Usimvue mtoto sweta kwa sababu wewe unaona joto. Bibi yake atauliza jioni hiyo hiyo kwenye kundi la WeChat.

Bi_Kadi:
Naongezea ya darasani. Xiaoban dakika 15 zinatosha, zhongban 20 hadi 25, daban 30. Kwa wadogo maneno mapya 3, basi. Wimbo wa salamu, kitu halisi mkononi (tufaha la kweli linashinda picha), kitendo kimoja kwa kila neno, mchezo mmoja, wimbo wa kuagana. Wimbo usibadilike kwa muda mrefu: ndio unaowaambia kipindi kimeanza.

Tatizo utakalokutana nalo wiki ya kwanza: unashika tufaha, unauliza hiki ni nini, na watoto wote wanapaza sauti wakirudia swali lako. Wamezoea kufuatisha, hawajui kwamba wameulizwa. Dawa ni kikaragosi cha mkononi. Wewe unauliza, kikaragosi kinajibu, mara tatu nne. Kisha unakielekeza kwa mtoto mmoja anayejiamini, halafu kwa wengine. Usipaze sauti, ukipaza, nao wanapaza.

Michezo ya kukimbia ndani ya chumba huishia kwenye vichwa kugongana. Ya mshindi mmoja huishia kwenye kilio.

Na elewaneni mapema na mwalimu wa Kichina asitafsiri kila sentensi. Akitafsiri, watoto wanaacha kukusikiliza, wanamngoja yeye. Atafsiri ya usalama na nidhamu tu. Muombe kwa faragha, kamwe si mbele ya wazazi.

Kama ngozi yako ni nyeusi watakugusa mkono na nywele. Kwa umri huo ni udadisi. Nyosha mkono, waguse, endelea na wimbo.

Risiti_Mkononi:
Pesa: nyumba nyingi ni dhamana ya mwezi 1 na kodi ya miezi 3 kwa mkupuo, na dalali naye anaweza kudai chake. Uwe na kodi ya miezi 4 kabla mshahara wa kwanza haujaingia, labda kama shule inatoa nyumba.

Karatasi: China iliingia kwenye mkataba wa apostili (muhuri mmoja wa kuthibitisha hati, unaokubalika nchi zote wanachama) tarehe 7 Novemba 2023, Kanada tarehe 11 Januari 2024. Digrii na cheti cha polisi vyako vinahitaji apostili tu, ubalozini hupeleki tena. Ingia kwa viza ya Z, yaani ya kazi. Ndani ya saa 24 ujiandikishe polisi wa mtaa, na ukihama nyumba urudie. Ndani ya siku 30 uombe kibali cha ukaazi. Pasipoti itabaki ofisi ya uhamiaji huku wewe ukiwa na risiti, kwa hiyo unganisha kadi yako ya benki na Alipay (programu ya kulipia kwa simu) kabla hujasafiri, maana kufungua akaunti ya benki kwa risiti ni shida.

Mto_Kagera:
Asanteni sana. Mimi sili nguruwe, jikoni itakuwaje?

Bi_Kadi:
Mwambie mkuu wa shule kabla ya kusaini. Kukwepa nyama pekee hakutoshi, mboga nazo huweza kupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Nje tafuta migahawa yenye maandishi ya qingzhen (清真), yaani halali. Ile ya tambi za Lanzhou ipo karibu kila mji.

Kijana_Temeke:
Na sisi wa pasipoti ya Tanzania, tupo China kwa viza ya masomo?

Risiti_Mkononi:
Mdogo wangu, kibali cha mwalimu wa lugha hudai uwe unafundisha lugha mama yako, na kwa Kiingereza wanaangalia pasipoti. Kufundisha kwa viza ya masomo bila ruhusa ni kazi haramu: faini yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito kizuizini siku 5 hadi 15. Wakala akikuambia "wengi wanafanya", muombe akuonyeshe barua ya taarifa ya kibali cha kazi yenye jina la shule ile ile utakayoingia.